Padre Benito Viñes, Mjesuiti Aliyesoma Mawingu ya Havana

Jumamosi tarehe 11 Septemba 1875 wasomaji wa magazeti ya Havana, mji mkuu wa kisiwa cha Cuba, walikuta tangazo la padre mmoja wa Shirika la Yesu. Lilihusu kimbunga. Kimbunga chenyewe kilikuwa bado mbali upande wa mashariki, na mtu wa kawaida mjini hakuwa na sababu ya kukifikiria. Padre alisema kipo na kinakuja. Siku mbili baadaye kikapiga pwani ya kusini ya kisiwa, kisha kikaendelea na safari yake hadi Texas, ambako tarehe 16 kiliuvunja mji wa bandari wa Indianola.

Padre huyo aliitwa Benito Viñes. Jina lake hutamkwa Vinyes, nalo kwa Kikatalani maana yake ni mashamba ya mizabibu. Kwetu hajulikani sana, lakini mabaharia wa Bahari ya Karibi walimjua vizuri kuliko walivyomjua askofu wao, na waandishi waliokuja baadaye walimpa jina la Padre Kimbunga. Ninaandika habari zake kwa sababu ndugu wengi katika parokia zetu bado wanaulizana kama padre ana kazi gani na mambo ya sayansi. Maisha ya mtu huyu yanalijibu swali hilo vizuri kuliko hoja ninazoweza kupanga mimi.

Alizaliwa tarehe 19 Septemba 1837 katika kijiji cha Poboleda, milimani mwa Katalunya, nchini Hispania. Mwaka 1856 aliingia Shirika la Yesu, akapitia malezi marefu ya Wajesuiti, akipenda zaidi fizikia na hisabati. Kisha siasa ikaingilia kati. Septemba 1868 mapinduzi yalimwondoa Malkia Isabel II katika kiti chake, na serikali mpya haikuchelewa kulipiga marufuku Shirika la Yesu nchini kote. Nyumba zikafungwa, mali zikachukuliwa, mafrateri wakatawanyika. Viñes, akiwa na miaka thelathini na moja, alivuka mpaka akaenda Ufaransa pamoja na wenzake. Mseminari anayesoma habari hizi anajua maana yake: miaka kumi na zaidi ya malezi, na nyumba unayoiita nyumbani inafungwa kwa amri ya siku moja.

Mwaka 1870 wakubwa wake walimtuma Havana. Cuba ilikuwa bado koloni la Hispania, na Wajesuiti walikuwa na shule pale tangu 1854, katika jengo la zamani la watawa lililoitwa Belén, yaani Bethlehemu. Juu ya paa la shule hiyo palikuwa na kituo kidogo cha kupima hali ya hewa na nguvu za sumaku za dunia, kilichoanza kazi miaka ya 1857 na 1858. Wakurugenzi waliomtangulia walikaa muda mfupi mfupi, kila mmoja akiandika vipimo vyake na kuondoka. Viñes alikabidhiwa vyombo, madaftari ya miaka kumi na zaidi, na kazi ya kuendelea. Hakuondoka tena. Alikaa Belén miaka ishirini na mitatu, mpaka kufa kwake.

Mwaka ule ule alioingia, kisiwa kilimpokea kwa namna yake. Oktoba 1870 kimbunga kiliupiga mji wa Matanzas, mashariki kidogo ya Havana, na mamia ya watu wakafa kwa maji na kuta zilizoanguka. Watu wa Cuba walikuwa na desturi ya kukiita kila kimbunga kwa jina la mtakatifu wa siku kilipofika, ndiyo maana historia yao ina kimbunga cha Mtakatifu Fransisko wa Asizi cha 1844 na kile cha Mtakatifu Fransisko Borja cha 1846, ambacho kilizamisha meli bandarini Havana bila huruma. Wazee walihesabu miaka kwa vimbunga hivyo, kama wazee wetu wanavyohesabu kwa njaa na mafuriko. Lakini hakuna aliyejua kimbunga kinachofuata kitakuja lini. Kilijulikana kikiwa kimekwisha fika mlangoni.

Na hilo halikuwa jambo la Cuba peke yake. Sisi wa pwani hii tunafikiri vimbunga ni vya watu wengine, lakini tarehe 15 Aprili 1872, Viñes akiwa na miaka miwili tu Belén, kimbunga kiliingia Zanzibar. Kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, kikazamisha meli za Sultani Barghash zilizokuwa zimetia nanga, na upande wa bara kikabomoa majengo ya misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu pale Bagamoyo, ambayo ilikuwa na umri wa miaka minne tu. Mapadre wale na watoto waliokombolewa utumwani waliokuwa wakiishi nao hawakuwa na mtu wa kuwaambia kitu siku moja kabla.

Sasa, kazi yenyewe ya Belén ilikuwa ya namna gani? Mara kumi kwa siku, kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa nne usiku, kila baada ya saa mbili, mtu alipanda juu kusoma vyombo: baromita inayopima uzito wa hewa, kipimajoto, unyevu, upepo na upande unakotoka, mawingu na upande yanakokwenda. Kila kitu kiliandikwa. Kimbunga kikiwa karibu, vipimo viliongezwa. Wakati wa sala, wakati wa darasa, siku ya Pasaka, siku ya mvua na siku ya jua kali lisilo na habari yoyote ya kusimulia, mambo yalikuwa yale yale. Mwisho wa mwaka tarakimu hizo zilipangwa katika majedwali na kuchapishwa. Palikuwa pia na mashine kubwa iliyobuniwa na Mjesuiti mwingine, Padre Angelo Secchi wa Roma, iliyochora yenyewe kwa kalamu mabadiliko ya hewa juu ya karatasi, mchana na usiku. Hata hivyo Viñes hakuiachia mashine kazi ya macho yake.

Atakayesoma majedwali hayo leo atayaona yanachosha. Lakini anayejua ratiba ya seminari hatashangaa sana. Kengele inalia, unakwenda. Inalia tena, unakwenda tena. Nadhani si bahati tu kwamba watu waliozoea Sala ya Vipindi ndio walioweza kudumu na baromita namna ile. Kazi hii haina siku ya ushindi. Kipimo cha saa kumi alfajiri cha tarehe fulani ya Februari hakina maana yoyote mpaka kiwekwe pamoja na vingine elfu kumi.

Havana ilikuwa na chama cha wasomi, Akademia ya Kifalme ya Sayansi za Tiba, Fizikia na Maumbile, iliyozinduliwa tarehe 19 Mei 1861. Ilikuwa na mikutano yake, na tangu 1864 ilikuwa na jarida lake. Wengi wa wajumbe walikuwa madaktari. Ni katika Akademia hiyo hiyo ambamo tarehe 14 Agosti 1881 Dakta Carlos Finlay alisimama akaeleza kwamba homa ya manjano inaenezwa na mbu, akasikilizwa kwa adabu na kutoaminiwa kwa karibu miaka ishirini. Akademia ya koloni ni kitu cha ajabu kidogo. Wajumbe wake walifanya sayansi chini ya mfalme aliyekaa ng'ambo ya bahari, na wakati huo huo walikuwa wakijifunza kukifahamu kisiwa chao wenyewe: magonjwa yake, udongo wake, upepo wake. Mambo hayo Madrid haikuweza kuyafahamu kwa niaba yao.

Mbele ya chama hicho, katika vikao kadhaa, Viñes alisoma maelezo yake juu ya vimbunga vya Septemba na Oktoba vya mwaka 1875 na 1876. Yalichapishwa kama kitabu mwaka 1877, nacho ndicho kilichomfanya ajulikane duniani. Nieleze kwanza kilichomfanya akiandike.

Tarehe 13 Septemba 1876 kimbunga kilivuka kisiwa cha Puerto Rico toka upande mmoja hadi mwingine, kisha kikaja Cuba. Oktoba hiyo hiyo kingine kikapita juu ya Havana yenyewe. Baada ya hapo Viñes alifunga safari. Alikwenda Puerto Rico na sehemu za Cuba zilizopigwa, akatazama miti ilivyolala, maana mti ulioanguka unaonyesha upepo ulikotoka; akakusanya madaftari ya manahodha; akawauliza watu upepo ulianza upande gani, ulinyamaza saa ngapi, ulirudi kutoka wapi. Ni kazi ya mpelelezi zaidi kuliko ya mwanafalsafa. Alipanga ushahidi wa mamia ya watu ambao kila mmoja aliona kipande chake tu cha kimbunga, mpaka umbo zima likaonekana.

Nitajaribu kulieleza umbo hilo, kwa sababu ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Wataalamu waliomtangulia walikuwa wamekwisha kugundua kwamba kimbunga ni upepo unaozunguka. Wengi wao walikichora kama gurudumu: duara kamili kila mahali. Viñes aliona kwamba gurudumu hilo halitoshi, kwa sababu hewa inakwenda kwa namna tofauti katika kila urefu. Chini kabisa, karibu na ardhi, upepo unazunguka huku ukiingia ndani kuelekea kitovu. Juu zaidi, mawingu mazito yanazunguka karibu duara kamili. Juu kabisa, yale mawingu mepesi kama manyoya tunayofundishwa shuleni kuyaita sirasi yanazunguka huku yakitoka nje, yakisambaa kutoka kitovuni.

Maana yake kwa mtu aliyesimama juu ya paa ni hii. Akiwa kaskazini mwa Ikweta, akiuelekea upepo wa chini usoni, kitovu cha kimbunga kiko mkono wake wa kulia na nyuma kidogo. Akiyaelekea mawingu ya kati yanakotoka, kitovu kiko kulia kwake hasa. Akiyaangalia yale manyoya ya juu, mahali yanapoonekana kuchipukia yote kwa pamoja, kama mishale ya kuti inavyotoka kwenye mgongo wake, huko ndiko kimbunga kiliko. (Kwetu sisi kusini mwa Ikweta geuza mkono: kushoto badala ya kulia.) Sirasi zinatangulia mbali sana. Zinafika wakati jua bado linawaka, bahari bado imetulia na wavuvi bado wanatia nyavu. Hivyo padre mmoja, bila satelaiti, bila redio, bila ndege, aliweza kutazama anga iliyo njema na kujua kilichokuwa nyuma ya upeo wa macho, na akirudia kutazama kila baada ya saa mbili aliweza kujua kinasogea upande gani.

Alitafuta pia desturi ya njia zao. Vimbunga vya Antili huja kutoka mashariki kwenda magharibi, kisha hupinda kuelekea kaskazini na mwishowe kaskazini mashariki. Vinapindia wapi? Viñes aliona kwamba inategemea mwezi. Vya Juni na Oktoba hupinda kati ya latitudo ya 20 na 23 kaskazini; vya Julai na Septemba kati ya 27 na 29; vya Agosti mbali zaidi, kati ya 30 na 33. Havana iko kwenye latitudo ya 23. Kumbe ndiyo maana Oktoba ilikuwa mwezi wa kuogopwa mjini hapo, na ndiyo maana wale watakatifu wawili walioitwa Fransisko, wote wa Oktoba, wamebaki katika kumbukumbu ya bandari.

Sisi tunaosoma falsafa tunapewa mapema swali la Hume: kutokana na mambo mengi yaliyokwisha kutokea, tunapata wapi haki ya kusema juu ya lile ambalo halijatokea? Darasani swali hilo ni la kupendeza. Juu ya paa la Belén lilikuwa na uzito mwingine. Ukitangaza kimbunga, manahodha hawatoki bandarini, wafanyabiashara wanapoteza fedha, familia zinahama kwa hofu. Kisipokuja, mara ya pili hawatakusikiliza. Ukinyamaza kikaja, damu iko wapi? Viñes hakuwa na sheria iliyothibitishwa kama hesabu za Euklides. Alikuwa na mazoea ya anga aliyoyaona mara nyingi, na muda wa siku mbili. Mtakatifu Thoma anaposema juu ya busara, anazungumzia fadhila ya mtu anayepaswa kuamua juu ya mambo yasiyo ya lazima, yanayoweza kuwa hivi au vile, na muda haumngojei. Sijapata mfano wa kufaa zaidi ya huyu. Matangazo yake yalieleza alichokiona: baromita imeshuka kiasi gani, mawingu yanatoka wapi, na kwa hiyo nini. Msomaji aliweza kufuata njia ya mawazo yake na kupima mwenyewe. Huo ndio umbali kati yake na mganga wa kupiga ramli, ingawa bandarini wapo waliomtazama kwa macho yale yale wanayomtazamia mganga.

Lakini hapa niseme neno ambalo waandishi wengi wanaomsifu Viñes hulipita haraka. Tangazo la gazeti humfikia mwenye gazeti. Cuba ya 1875 ilikuwa nchi ya watumwa. Utumwa ulifutwa kabisa huko tarehe 7 Oktoba 1886 tu, Viñes akiwa amekwisha kukaa Belén miaka kumi na sita. Katika mashamba ya miwa waliishi watu kwa maelfu waliotolewa Afrika au waliozaliwa na waliotolewa Afrika, wakiwemo walioitwa Macuá, yaani Wamakua walioingizwa melini katika pwani ya Msumbiji, ndugu wa Wamakua tunaosali nao Masasi na Mtwara. Habari ya kimbunga ilifika kwanza kwa kampuni za meli, za bima na wenye viwanda vya sukari, ambao ndio waliokuwa na cha kupoteza katika vitabu vya hesabu. Mtumwa katika kibanda chake aliupata ujumbe kama bwana wake aliona vema kumpa. Isitoshe, kuanzia 1868 mpaka 1878 sehemu ya mashariki ya kisiwa ilikuwa vitani dhidi ya Hispania, na Wajesuiti wa Havana walikuwa watu wa upande wa serikali machoni pa wengi.

Siandiki haya ili kumhukumu. Kimbunga hakichagui, na mawimbi yanayorudishwa nyuma na onyo moja yanamwokoa pia baharia maskini na mpishi wa meli. Ila tukisema sayansi ya Kanisa ilimtumikia mwanadamu, tuseme pia ni mwanadamu gani aliyetumikiwa kwanza. Hilo halipunguzi chochote katika vipimo vyake.

Wafanyabiashara wale wale ndio waliomwezesha kupanua kazi. Macho ya mtu mmoja Havana yalikuwa na mpaka, lakini nyaya za telegrafu zilizolazwa chini ya bahari zilikuwa zimeanza kuunganisha visiwa. Kwa michango ya kampuni, na kwa makampuni ya nyaya kukubali kupeleka habari zake bila malipo, Viñes alipata waangalizi katika visiwa vya mashariki, Puerto Rico na vingine, ambako vimbunga hupita kwanza. Mtu wa huko alituma baromita yake, upepo wake, mawingu yake, Belén ikaunganisha. Leo tunaona jambo hilo la kawaida kabisa. Wakati ule lilikuwa kitu kipya: visiwa vilivyokuwa chini ya bendera tofauti, ya Kihispania, ya Kiingereza, ya Kifaransa, ya Kidenmaki, kupashana habari kwa sababu upepo hauombi pasi ya kusafiria.

Jina lake likavuka. Mwaka 1885 ofisi ya ramani za bahari ya Marekani ilichapisha kwa Kiingereza tafsiri ya mafundisho yake kwa ajili ya mabaharia. Mwaka 1888 alibuni chombo alichokiita siklonoskopio, sahani za kuzungusha ambazo nahodha angeweza kuziweka mezani, akalinganisha upepo na mawingu aliyoyaona, akasoma kitovu kiko upande gani. Si fundi wa nadharia tu, basi. Alifikiria mkono wa mtu mwenye baridi juu ya sitaha inayoyumba.

Hakushughulika na hewa peke yake. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Januari 1880 tetemeko la ardhi lilitikisa sehemu ya magharibi ya Cuba na kuuharibu mji wa San Cristóbal. Viñes alikwenda huko na mhandisi wa madini Pedro Salterain, wakapita katika vijiji wakipima nyufa na kuuliza watu, kwa namna ile ile aliyoitumia Puerto Rico. Wakaandika taarifa yao.

Mwaka 1893 wataalamu wa hali ya hewa wa mataifa mbalimbali walipanga kukutana Chicago mwezi Agosti, na Viñes aliombwa alete muhtasari wa yote aliyojifunza juu ya vimbunga vya Antili. Alikuwa na miaka hamsini na mitano, na mwili umechoka. Aliandika. Alimaliza siku chache kabla ya kufa, na tarehe 23 Julai akafa pale pale Belén. Andiko lilifika Chicago bila mwenyewe. Havana ililichapa kwa Kihispania mwaka 1895, na Washington kwa Kiingereza mwaka 1898.

Mwaka huo 1898 ulikuwa mwaka wa vita. Marekani iliishinda Hispania, na jeshi lake likaishika Cuba. Padre Lorenzo Gangoite ndiye aliyekuwa ameshika nafasi ya Viñes. Wamarekani walileta ofisi yao ya hali ya hewa, na wakubwa wa ofisi hiyo hawakupenda wenyeji waliotangaza vimbunga. Waliwaona kuwa watu wa kutia hofu, wanaobahatisha. Agosti 1900 walipata amri ya kuzuia telegramu za Wacuba zinazohusu hali ya hewa zisipite kwenye nyaya za serikali.

Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Septemba, dhoruba ikapita juu ya Cuba ikiwa na mvua nyingi na upepo usiotisha sana. Ofisi ya Washington ikaamua kwamba itapinda kaskazini juu ya Florida na kuishia Atlantiki. Waangalizi wa Havana, Gangoite akiwa mmojawapo, waliangalia anga kama walivyofundishwa, wakaona vingine: ilikuwa inaingia Ghuba ya Mexico na kupata nguvu. Ilikuwa Septemba, na Viñes alikuwa amekwisha kuandika kwamba vya Septemba hupinda mbali zaidi ya Cuba, kati ya latitudo ya 27 na 29. Mji wa Galveston, Texas, uko kwenye latitudo ya 29. Tarehe 8 Septemba 1900, sikukuu ya kuzaliwa Bikira Maria, bahari ilipanda juu ya mji huo. Walikufa watu zaidi ya 6,000, na hakuna janga la asili katika historia ya Marekani lililoua wengi kuliko hilo mpaka leo.

Hatuwezi kusema telegramu moja kutoka Havana ingewaokoa wote. Mji ulikuwa kisiwa kisicho na ukuta wa bahari, na watu huwa wazito kuamini. Lakini habari ilikuwepo, ilipatikana kwa njia iliyothibitika kwa miaka ishirini na mitano, na ilizuiwa kwa sababu ya waliokuwa wakiisema. Marufuku yakaondolewa baada ya hapo.

Kituo cha Belén kiliendelea. Mwaka 1925 shule ilihamia majengo mapya Marianao, nje kidogo ya mji, na vyombo vikahama nayo. Mmoja wa wanafunzi wake wa miaka ya 1940 alikuwa Fidel Castro. Mwaka 1961 serikali yake ilizitaifisha shule za binafsi nchini kote, Belén ikiwa mojawapo; mapadre wengi wakaondoka, na kazi ya kituo ikakoma, miaka mia moja na mitatu tangu kipimo cha kwanza kuandikwa juu ya paa la Bethlehemu ya Havana.